UJUMBE WENYE KUFULI

Ndugu msomaji, kabla hujajua kusoma, barua zako zilisomwa na nani?

Labda alikusomea mwanao aliye darasa la tano. Labda alikusomea jirani, au mwalimu, au mwenye duka. Mtu huyo alikuwa mwema, hapana ubishi. Lakini aliijua habari yako kabla yako wewe mwenyewe. Kama ndugu yako aliyeko Nyamongo aliandika kwamba anatuma pesa, msomaji alijua ni kiasi gani na zinafika lini. Kama binti yako aliandika kwamba anateswa huko alikoolewa, msomaji alijua. Na ulipotaka kujibu, ilikubidi uiseme siri yako kwa sauti ili mtu mwingine aiandike.

Siku ulipoanza kusoma mwenyewe, mtu huyo wa tatu aliondoka katikati. Hii ni faida ya kisomo ambayo hatuitaji mara nyingi. Kusoma kunakupa habari. Kunakupa pia siri yako.

Leo barua zimepungua. Tunatumia simu. Je, katika simu yupo mtu wa tatu? Na kama yupo, tunawezaje kumtoa? Hilo ndilo somo letu la leo.

UJUMBE WA SIMU UNAPITA WAPI?

Watu wengi hudhani ujumbe wa simu huruka moja kwa moja kutoka simu ya Morotonga hadi simu ya Mwanza. Sivyo. Kwanza ujumbe huenda kwenye mnara ulio karibu nawe. Kutoka mnarani huenda kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Mitambo hiyo ndiyo inayotafuta mnara ulio karibu na ndugu yako, na mnara huo ndio unaoifikia simu yake.

Katika safari hiyo, ujumbe mfupi wa kawaida, yaani meseji, unafanana na telegramu ya zamani. Wazee mnaikumbuka telegramu. Ulikwenda posta ukaandika maneno machache, maana kila neno lililipiwa. Karani aliyasoma, akayapeleka. Karani wa upande wa pili aliyapokea, naye akayasoma. Telegramu ilifika upesi, lakini haikuwa siri.

Meseji ya kawaida iko hivyo hivyo. Ndani ya mitambo ya kampuni maneno yako yanapita wazi. Sheria ipo. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hiyo inamtaka kila anayeshika habari za watu azitunze vizuri. Lakini hebu fikiri. Mwenye ng'ombe haridhiki kwamba sheria inakataza wizi. Hujenga boma pia, na usiku hulifunga.

Boma la ujumbe linaitwa kusimba.

KUSIMBA NI NINI?

Kusimba ujumbe ni kuyageuza maneno yake ili anayeyaona asiyaelewe, isipokuwa yule mwenye ufunguo. Kuyarudisha maneno yawe kama mwanzo ni kusimbua. Neno hili halihusiani na simba wa Serengeti, ingawa wote wawili hawapendi wageni.

Kazi hii ni ya zamani sana. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, Julius Caesar, mtawala wa Roma, alisimba barua zake kwa njia rahisi. Kila herufi aliisogeza mbele hatua tatu. Hata sisi tunaweza. Chukua kalamu na karatasi.

Tuandike herufi 24 tunazotumia katika Kiswahili. Chini yake tuandike herufi zilizosogea hatua tatu:

A B C D E F G H I J K L
D E F G H I J K L M N O

M N O P R S T U V W Y Z
P R S T U V W Y Z A B C

Mstari wa juu ni herufi za kawaida. Mstari wa chini ni herufi za siri. Tuseme baba yuko safarini Mwanza, naye anataka kumwandikia mke wake maneno haya: UZA MBUZI WAWILI. Hataki watu wajue kwamba kesho nyumbani kutakuwa na pesa. Atachukua U, chini yake ataona Y. Atachukua Z, chini yake ataona C. Atachukua A, chini yake ataona D. Akimaliza atakuwa na maneno haya:

YCD PEYCL ADALOL

Mtu wa njiani akiyaona atasema ni michoro ya mtoto. Mama mwenye ufunguo atatafuta Y katika mstari wa chini, na juu yake ataona U. Ataendelea hivyo mpaka mwisho, kisha atakwenda mnadani na mbuzi wake.

Zingatia jambo moja. Hapa kuna vitu viwili. Cha kwanza ni njia, nayo ni kusogeza herufi. Cha pili ni ufunguo, nao ni namba 3. Njia inaweza kujulikana na kila mtu. Ufunguo ujulikane na wenye siri tu.

KUFULI DHAIFU

Je, kufuli hili la Caesar linatosha? Halitoshi. Funguo zake ni 23 tu. Mwizi mwenye subira atajaribu 1, kisha 2, kisha 3, na kabla ya chai ya mchana atakuwa amefungua.

Kuna njia fupi zaidi. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, yaani a, e, i, o au u. Tazama tena ujumbe wetu. Neno la kwanza linaishia na D. La pili na la tatu yanaishia na L. Basi D ni irabu, na L ni irabu. Hesabu kutoka D hadi L katika mstari wa herufi: ni hatua 8. Sasa tafuta irabu mbili zilizoachana kwa hatua 8. Utaona ni A na I, basi. Kwa hiyo D ni A, na L ni I. Ufunguo ni 3. Mwizi hakujaribu hata mara moja, alitumia akili tu.

Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika kitabu juu ya ujanja huu wa kuhesabu herufi ni mwanachuoni wa Baghdad aitwaye Al-Kindi. Aliishi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Tangu hapo, wanaofunga na wanaofungua wamekuwa wakishindana.

Shindano moja kubwa lilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwezi Aprili 1942, ndege za Japani zilishambulia Colombo, katika nchi ambayo sasa inaitwa Sri Lanka. Huko kulikuwa na Waingereza ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza redio za meli za Kijapani. Baada ya shambulio wengi wao walihamia Mombasa, kwenye kituo kilichoitwa Kilindini. Walipewa majengo ya shule ya Allidina Visram, yanayotazama bahari. Madarasani humo, mahali pa watoto kufanya hesabu, watu wazima walikaa na makaratasi yaliyojaa tarakimu, wakitafuta maana.

Wajapani hawakutumia kufuli la Caesar. Walitumia kufuli gumu sana, na kwa muda mrefu watu wa Kilindini walihangaika. Kisha Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa katika kutuma ujumbe wao. Kosa hilo liliwapa watu wa Kilindini upenyo. Kufika Novemba 1942 walikuwa wakisoma ujumbe wa meli za mizigo za Kijapani kadiri ulivyoingia. Meli zilizobeba askari zikajulikana ziko wapi na zinakwenda wapi, na zikaweza kushambuliwa.

Wanafunzi wangu huniuliza: je, Wajapani hawakuwa na akili? Walikuwa nayo, na kufuli lao lilikuwa kazi ya mabingwa. Lakini kufuli zuri likitumiwa vibaya hufunguka. Wizi wa siri nyingi huanzia kwa mtumiaji aliyechoka, aliyeharakisha au aliyezoea.

UFUNGUO WA MARA MOJA

Sasa tuone upande wa pili, yaani watu waliofunga vizuri.

Sisi Watanzania tuliwapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Wengi wanaijua Mazimbu, kule Morogoro, walikosoma vijana wa chama cha ANC. Katika miaka ya 1980 viongozi wa ANC walikuwa na shida kubwa. Wao walikuwa nje, makao yao yakiwa Lusaka, Zambia. Wapiganaji wao walikuwa ndani ya Afrika Kusini. Simu zilisikilizwa na polisi. Barua zilifunguliwa. Ujumbe ukikamatwa, watu walikamatwa pia.

Mwanachama mmoja, Tim Jenkin, alikuwa London. Huyu alikuwa mtu wa funguo tangu zamani. Mwaka 1979 yeye na wenzake wawili walitoroka gereza la Pretoria kwa kutumia funguo walizozichonga wenyewe kwa mbao. Huko London, yeye na Ronnie Press waliandika programu za kompyuta za kusimba ujumbe. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta ifanye kazi gani.

Mwaka 1988, Mac Maharaj na Siphiwe Nyanda waliingia Afrika Kusini kwa siri, katika mpango ulioitwa Vula. Neno hilo maana yake ni kufungua. Walifanya hivi. Ujumbe uliandikwa katika kompyuta ndogo. Kompyuta iliusimba kwa kutumia tarakimu zilizopangwa ovyo, zilizohifadhiwa katika diski. Ujumbe uliosimbwa uligeuzwa kuwa sauti, ukarekodiwa katika kaseti. Mtu alikwenda na kinasa sauti chake kidogo kwenye simu ya barabarani, akapiga London na kuichezea simu ile kaseti. Polisi aliyesikiliza alisikia mlio tu. London waliurudisha mlio kuwa maneno, wakaupeleka ujumbe Lusaka.

Siri yao ilikuwa katika zile tarakimu. Zilitumika mara moja tu, kisha zilifutwa. Ufunguo usiorudiwa haumpi mwizi nafasi ya kulinganisha jana na leo. Lakini njia hii ina mzigo wake. Kila mara lazima mtu abebe diski mpya za funguo avuke nazo mipaka. Katika mpango wa Vula, mhudumu wa ndege aliifanya kazi hiyo, kwa hatari kubwa.

Hapa ndipo tunafika kwenye fundo la somo. Kama unaweza kumfikishia mwenzako ufunguo kwa usalama, si ungemfikishia na ujumbe wenyewe? Na kama huwezi, ufunguo utafikaje?

KUFULI NI LA WOTE, UFUNGUO NI WANGU

Jibu lilitolewa Marekani mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman walionyesha njia kamili ya kulitenda. Mimi nitalieleza kwa makufuli ya dukani.

Tuseme mama mmoja wa Morotonga ana makufuli mengi yanayofunguliwa na ufunguo mmoja. Anayagawa yakiwa wazi kwa kila mtu. Moja analiacha Mugumu, jingine Tarime, jingine Musoma. Ufunguo anabaki nao kiunoni. Mtu wa Tarime akitaka kumpelekea kitu cha siri, anakiweka katika sanduku, anabana kufuli, basi. Kufuli kubanwa hakuhitaji ufunguo. Tangu hapo hata yeye aliyelifunga hawezi kulifungua tena. Sanduku litapita mikononi mwa utingo, kondakta na mwenye bodaboda. Atakayelifungua ni yule mama peke yake.

Umeona? Ufunguo haukusafiri hata hatua moja.

Kompyuta haina kufuli la chuma. Kufuli lake ni hesabu ambayo ni rahisi kwenda na ngumu kurudi. Jaribu. Zidisha 47 kwa 59. Ukijua kuzidisha, utapata 2,773 kwa dakika moja. Sasa mpe mwenzako 2,773 na umwulize: ni namba zipi mbili, zote zaidi ya 1, zilizozidishwa? Atahangaika kwa muda mrefu. Ile 2,773 ni kama kufuli, kila mtu anaweza kuiona. Zile 47 na 59 ndizo ufunguo. Namba zinazotumiwa na kompyuta zina tarakimu zaidi ya 600. Kompyuta za leo haziwezi kurudi nyuma kwa namba hizo.

KOMPYUTA INAYOPOKEA AMRI

Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann aliandika programu ya kusimba barua kwa njia hii. Aliiita PGP, akaigawa bure. Serikali ya Marekani ilimchunguza kwa takribani miaka mitatu, maana sheria yao ya wakati huo iliihesabu programu ya namna hiyo kama silaha isiyoruhusiwa kupelekwa nje bila kibali. Mwaka 1996 uchunguzi ulifungwa, hakushtakiwa. Baadaye Mjerumani Werner Koch aliandika programu nyingine ya namna hiyo, iitwayo GnuPG, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 1999. Nayo ni ya bure hadi leo, na yeyote anayejua kuandika programu anaruhusiwa kuichunguza ilivyotengenezwa.

GnuPG hutumiwa kwa kuandika amri. Hakuna picha za kubonyeza. Unaona kioo na mstari mtupu unaokungoja. Jambo hili si geni kwako. Ukitaka kutuma pesa kwa M-Pesa kwa kitochi, unaandika *150*00# na kupiga. Hakuna picha. Umetoa amri, simu inajibu.

Kwenye kompyuta amri zenyewe ni za Kiingereza, lakini mpango wake ni huu:

1. Tengeneza jozi yako. Programu inakupa vitu viwili: ufunguo wa wote, ambao ndio kama lile kufuli la wazi, na ufunguo wa siri. Itakutaka uchague neno la siri la kuulinda huo wa pili.

2. Gawa ufunguo wa wote. Wape ndugu, wape ofisi, hakuna hatari.

3. Kupeleka ujumbe: andika jina la programu, kisha kazi, yaani simba, kisha jina la utakayempelekea, kisha jina la barua yako. Bonyeza. Barua inageuka mstari juu ya mstari wa herufi zisizo na maana. Hiyo ndiyo unayoituma.

4. Kupokea ujumbe: andika jina la programu, kazi, yaani simbua, na jina la barua iliyofika. Programu inauliza neno lako la siri. Ukiliandika sawasawa, maneno yanatokea.

Je, ni lazima kila mtu wa kijijini awe na kompyuta? La. Simu janja nyingi hufanya kazi hii zenyewe bila kukuuliza. Tangu Aprili 2016, ujumbe wa WhatsApp husimbwa kutoka simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na mwenye mtambo wa katikati hawezi kuyasoma maneno. Programu ya Signal nayo hufanya hivyo. Lakini meseji ya kawaida ya kitochi haina kufuli hilo. Lijue hilo kabla hujaandika.

NANI AMEUANDIKA?

Kuna jambo jingine. Barua ya mtendaji wa kijiji huwa na saini na mhuri. Bila hivyo, wewe husema, hii inaweza kuwa imeandikwa na yeyote. Ufunguo wa siri hufanya kazi ya mhuri pia. Mwenye ufunguo anaweza kuusaini ujumbe, na mwenye ufunguo wa wote anaweza kuhakikisha kwamba saini ni yake na kwamba hakuna neno lililobadilishwa njiani.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu ujumbe uliofungwa vizuri unaweza kuwa umefungwa na tapeli. Sote tumepata zile meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Anayetuma hakujui. Anabahatisha kwamba yupo mtu uliyemwahidi hela. Meseji haina saini. Saini ya kijijini ni kupiga simu kwa mhusika, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, uisikie sauti yake. Ukigundua ni utapeli, ipeleke meseji hiyo kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano. Tena bonyeza *106# uone ni namba zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya kampuni husika.

UFUNGUO ULIO NAO LEO

Ndugu msomaji, huenda hutatumia GnuPG maisha yako yote. Lakini ufunguo wa siri unao tayari. Ni ile namba ya siri ya pesa za simu.

Namba ya tarakimu nne ina njia 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi akibahatisha, atafungiwa kabla hajafika mbali. Lakini ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, hazibaki 10,000. Kutoka mwaka 1950 hadi 2010 ni miaka 61 tu, na jirani yako anaijua rika yako. Ukiweka 1234, umeacha mlango wazi. Na ukiitaja namba kwa sauti mbele ya wakala na watu wa foleni, umefanya lile kosa la mtumaji ambalo watu wa Kilindini walilingoja.

Zamani ulimpa wakala simu afanye kila kitu, kwa sababu hukujua kusoma kilichoandikwa kiooni. Sasa unajua. Bonyeza mwenyewe. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Mtu wa kampuni ya simu hatakuuliza namba ya siri kamwe. Anayeuliza ni mwizi, hata akikuita mama au mzee kwa heshima zote.

UJUMBE UNAOOKOA MTU

Mwisho, tuseme jambo zito. Katika wilaya zetu za Serengeti na Tarime, mwezi wa Desemba ni msimu wa kukeketa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mugumu ipo nyumba salama inayowapokea wasichana wanaokimbia. Katika vijiji vya Serengeti wapo watu waliofunzwa kutumia simu janja kupeleka taarifa za hatari. Ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo. Lipo pia Dawati la Jinsia na Watoto katika polisi.

Fikiri msichana ameazima simu yako, akaandika: wamepanga Jumamosi, njooni. Kusimba kunaulinda ujumbe huo njiani. Hakuulindi ndani ya simu yako. Mume akiichukua simu ausome, au kijana akiupeleka kwenye kundi la ukoo, siku inabadilishwa, na msichana anafichwa mahali pengine. Hapo hakuna programu itakayomsaidia. Ukimwazima msichana simu, mwache aandike, ufute ujumbe baada ya kufika, na ufunge mdomo wako. Usiseme alikopita. Usiseme aliyempokea.

Mtu aliyepewa siri na mtoto ameshika ufunguo. Aushike kama anavyoshika ufunguo wa boma usiku.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kusimba: kuugeuza ujumbe usieleweke na asiye na ufunguo.
Kusimbua: kuurudisha ujumbe ueleweke.
Ufunguo wa wote: unagawiwa kwa watu, wa kufungia.
Ufunguo wa siri: haugawiwi, wa kufungulia na kusaini.
Programu: maagizo ya kuiendesha kompyuta au simu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, nani anaijua namba yako ya siri? Je, kuna sababu ya kweli ya yeye kuijua?

2. Wezi wa ng'ombe nao wanaweza kusimba ujumbe wao. Panga hulima, tena hujeruhi. Je, mnaonaje: kufuli liachwe kwa wote, au lizuiwe? Toeni sababu.

3. Mwenzenu hajui kusoma bado, na anakuomba umsomee meseji zake. Utailindaje siri yake?

4. Kwa nini Wajapani walishindwa mwaka 1942 ingawa kufuli lao lilikuwa gumu?

KAZI YA KUFANYA

Fungueni ujumbe huu kwa jedwali la ukurasa huu. Ufunguo ni 3. Kumbukeni, herufi za siri ziko mstari wa chini. Ujumbe una maneno matatu:

OLRGD YIYRJYS ADNS

Kila kikundi kikimaliza, kiandike ujumbe wake kwa ufunguo mwingine na kukipa kikundi cha jirani bila kutaja ufunguo. Tuone nani atatangulia kufungua.